Arobaini ya Bi Mwanahawa, Mfuga Nyuki Wetu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika sasa hivi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo mbele ya mtu nitapiga kelele, na leo kelele nimeshapiga za kutosha.

Tumesoma arobaini ya Bi Mwanahawa. Naomba nimweleze mwenyewe, maana leo watu wamemweleza vibaya. Wamesema alikuwa bibi mpole. Hakuwa mpole hata kidogo! Alikuwa mkali, mbishi, na akikukuta unakata mti karibu na chemchemi ungejuta kumfahamu. Baba yake alizaa mabinti watupu, basi akamfundisha yeye kupanda miti na kutundika mizinga. Watu walisema mwanamke gani huyo anayening'inia mitini. Yeye alivaa suruali ya marehemu baba yake, akafunga kanga kiunoni, akapanda. Nyuki aliwagombeza kama mawifi. "Tulieni! Nachukua changu, chenu nawaachia." Na kweli aliwaachia. Hakuwahi kukomba mzinga mpaka ukabaki mtupu.

Nilipohamishiwa huku kufundisha, nikitokea Morogoro mjini, wiki ya kwanza nililia kila siku. Nyumba ilivuja, sikumjua mtu. Akaja mama mmoja mrefu na asali kwenye chupa ya maji. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu. Machozi hayazibi bati. Kula hii, kesho nakuletea fundi." Fundi alikuja. Tangu siku hiyo nikawa kama mtoto wake.

Miti yote iliyozunguka chemchemi aliipanda yeye. Alisema nyuki wake wanataka maua na maji. Maji hayohayo ndiyo kijiji kizima tunayokunywa kiangazi. Sijawahi kusikia mtu akimshukuru.

Sasa niandike sehemu inayoniuma.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Walinichagua kwa sababu nina mwandiko mzuri. Kwenye kikao cha mwisho alichohudhuria, Bi Mwanahawa alisimama akasema kiangazi kimekuwa kikali, kwa hiyo anayetaka kuchoma shamba atoe taarifa kwanza, na asafishe njia pana ya kuzuia moto usipande mlimani. Mwenyekiti wa kijiji akacheka. "Bi Mwanahawa, sasa na nyuki nao tuwaandikie barua?"

Ukumbi mzima ulicheka.

Na mimi nilicheka.

Hakukaa. Alinigeukia akasema, "Mwalimu, andika." Nikaitikia kwa kichwa. Lakini mwenyekiti alikuwa ananiangalia, na ni yeye anayesaini barua zangu za kijiji, na nilitaka kikao kiishe nikasahihishe madaftari. Kwenye muhtasari wa kikao, kipengele cha mengineyo, niliandika neno moja: Hakuna.

Wiki tatu baadaye moto ulitoka kwenye shamba la mwenyekiti. Kila mtu anajua. Vibarua wake walichoma mabua mchana wa jua kali, upepo ukabeba cheche, mlima ukashika. Bi Mwanahawa alipanda na binti yake Rukia, wanapiga moto kwa matawi mabichi. Sisi wengine tulisimama chini tukisema jamani, jamani. Mizinga iliungua. Akawa anataka kuuwahi mmoja wa mwisho, moshi ukamzidi, akaanguka. Rukia alimbeba mgongoni kushuka mteremko ule wote. Hospitali mjini alikaa siku mbili, akafariki.

Chemchemi ilipona. Moto uliishia pale walipokuwa wanaupiga wao wawili.

Basi leo, baada ya kisomo, kabla pilau halijapakuliwa, mwenyekiti akasimama na kanzu yake iliyonyooka. Akasema mama yetu ameondoka kwa mipango ya Mungu. Akasema kijiji kitaipa chemchemi jina lake. Watu wakaitikia amin. Nilikuwa upande wa wanawake, barazani.

Nikasimama.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na shikamoo. Mdomo umezoea. "Mungu hakuwasha kiberiti. Kiberiti kiliwashwa shambani kwako."

Shehe akasema kwa upole, "Mwalimu, mwanangu, hii ni hitma." Mama mmoja akanivuta kanga nikae. Nilikuwa karibu kukaa, nakiri. Ndipo Rukia akaongea kutoka mlangoni, mikono yake imejaa sahani.

"Mwacheni aseme. Mimi ndiye niliyembeba."

Nikasema yote. Kwamba aliomba, tukamcheka. Kwamba alinitaka niandike, nikaandika hakuna. Nilisema neno hilo hakuna huku nalia, na sikulia kwa uzuri, kamasi zilinitoka. Mwenyekiti alivaa viatu vyake akaondoka bila kula. Wazee wawili wakamfuata. Shehe akafunga kwa dua, tukala.

Wakati wa kuondoka, jirani yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akaniambia, "Umesema kweli, ila umesemea pabaya."

Sasa niambie wewe, mahali pazuri ni wapi? Kikaoni palikuwa pazuri, tukacheka. Mlimani palikuwa pazuri, tukasimama chini. Msibani tulisema tusimwongezee Rukia uchungu. Nina hasira na mwenyekiti, ndiyo. Lakini nina hasira zaidi na ustaarabu huu wetu unaojua kupika pilau la marehemu na haujui kumsikiliza akiwa hai. Na ustaarabu huo mimi ninao kuliko wote. Ndio ulioshika kalamu siku ile.

Nilibaki kuosha vyombo. Nilidhani Rukia atanishukuru, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa nasubiri. Hakunishukuru. Alisuuza sahani ya mwisho, akajifuta mikono, akanitazama usoni.

"Maneno tumeyasikia, Mwalimu. Jumatatu nashuka mjini, polisi, kufungua kesi. Wanataka shahidi aliyekuwa kikaoni. Watu wanne wameshanikatalia. Unakuja kuandikisha maelezo, au ndiyo umemaliza leo?"

Nilifikiria nyumba ninayokaa, ambayo ni ya kijiji. Nilifikiria barua ya uhamisho, namna inavyoweza kuandikwa haraka mtu akitaka. Nilifikiria itabidi niseme mbele ya askari kwamba muhtasari wenye mwandiko wangu mzuri ni wa uongo.

"Nakuja," nikasema.

"Saa kumi na mbili asubuhi, dukani. Nikifika hujafika, sikusubiri."

Akaingia ndani.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo, nisijipambe. Naogopa sana, na Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo nitakuwa nimeshafika.