Majibu Yaliyobaki Kabatini

Dada yangu mpendwa,

Kabla sijakusalimu, nakuomba uingie chumbani ufunge mlango. Haya usimwambie mtu, hata shemeji, na mama hasa asijue. Sasa shikamoo. Watoto hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kuuma wenzake? Mimi ni mzima, ila chakula hakipiti.

Unajua kazi yangu ni kuingiza taarifa kwenye sajili ya taifa ya wagonjwa. Kila anayekatwa kipande cha ngozi kikapimwe, mimi humwandika, kwa namba ya kadi tu. Wenzangu huniita Nukta, kwa kuwa siachi mstari bila kuuhakiki mara tatu.

Mwezi uliopita alikuja daktari mtafiti, mama mpole mwenye maswali mengi. Anatumia sajili yetu kuchunguza saratani ya ngozi: nani aliipata, nani alipona, nani alichelewa. Siku ya tatu akamwuliza mkuu wetu inakuwaje watu walioandikwa "si saratani" wanakufa kwa saratani hiyohiyo. Mkuu akacheka, akasema hata kompyuta nazo zina uvivu wake.

Ilikuwa hivi. Kompyuta zetu hazikubali nafasi iliyo wazi. Robo mwaka ikiisha na majibu ya maabara hayajafika, tuliagizwa tuandike "si saratani" kwa muda ili ripoti iende, kisha tusahihishe. Miaka miwili iliyopita maabara ilichelewa, tukawaandika hivyo watu mia mbili na kumi na wawili. Majibu yalipofika, boksi zima, ripoti ilikuwa imeshasifiwa huko juu. Mkuu akasema tukibadilisha sasa tutaonekana wababaishaji, boksi likae kabatini mpaka atoe neno. Hakulitoa. Na kliniki zote husoma majibu kwenye sajili yetu.

Juzi mtafiti aliomba majina ya wote walioandikwa "si saratani" robo ile, awatafute. Mkuu akanituma, akaninong'oneza nisiwe na haraka. Majina yamo kwenye karatasi za maabara tu, kwa hiyo nikafungua boksi. Thelathini na saba wana saratani, na sajili inaonyesha kumi na mmoja kati yao wameshazikwa. Karatasi mojawapo ina jina lako, dada, na la baba yetu, na maneno "doa jeusi, unyayo wa kushoto".

Ndilo doa ulilokatwa, nesi akatazama kompyuta akakuambia uko salama, ukaniandikia kwamba umelia wiki nzima bure. Na barua yako ya mwisho ilisema una uvimbe wa mtoki kinenani, ukatania kwamba ni vile viatu vya kubana ulivyovaa harusini. Nilimwuliza mtafiti kama namwulizia rafiki. Akanieleza taratibu kwamba doa likiwa dogo, kisu hutosha. Ugonjwa ukishafika kwenye mitoki, madaktari huukimbiza, na mara chache huupata. Akauliza huyo rafiki ana umri gani. Nikasema thelathini na nne. Akainamia karatasi zake.

Lililobaki ndilo gumu kuandika. Juzi haikuwa mara yangu ya kwanza kulifungua boksi lile. Siku lilipofika nilisoma karatasi tano za juu. Tatu zilikuwa mbaya. Nikafunga kabati, ufunguo nikabaki nao mimi. Niliogopa kufukuzwa, nikajiambia hao ni watu wa watu. Ningeendelea kusoma, ningekufikia siku ileile.

Nimeiiba karatasi yako, imo ndani ya barua hii. Zile nyingine mbaya zimo kwenye begi langu. Kesho nitampa mtafiti mkononi, nikithubutu. Wewe nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa, uwaonyeshe, useme imekujia kwa posta. Usingoje mtoki upungue. Wabusu watoto.

Usipige simu ya ofisi, siku hizi mkuu huipokea mwenyewe, na zetu tunaziacha mlangoni. Mbele ya lango kuna fundi viatu, mtu wa siri. Namba yake ya simu iko nyuma ya barua hii. Napita kwake kila siku saa saba mchana. Mwachie yeye atakachosema daktari. Na kama hutaki tena kusema nami, sitakulaumu. Mwambie tu kwamba umefika hospitali, basi.

Mdogo wako