Jani Lenye Madoa

Jumatano, 28 Oktoba 1936

Barua imefika. Nimeisoma mara nne, na mara ya tano kwa sauti ili mama mkwe asikie, ingawa zile nne pia alizisikia. Binti yangu Sibéal amekubaliwa kusomea uuguzi, hospitali kubwa ya Dublin. Awe amefika Ijumaa tarehe sita Novemba kabla ya jioni – asipofika, nafasi anapewa mwingine. Wameandika hivyohivyo, bila huruma, na muhuri juu.

Leo nimekwenda kisimani mara tatu kwa maji ya ndoo moja. Kila niliyemkuta nimemwambia. Meaig jirani, ambaye kijana wake ni polisi Galway na tumesikia habari za vifungo vya sare yake mwaka wa pili huu, alisema hongera Bairbre, lakini wagonjwa wanatapika, unajua. Nikamwambia wa Sibéal watatapika kwa adabu.

Mama mkwe tu ndiye hakufurahi. Si safari anayoikataa, ni tarehe. "Mtoto aliyezaliwa alfajiri ya Bealtaine ni wa nusu ya mwanga," alisema. "Humtoi nyumbani giza ndiyo kwanza limeingia. Ngojeni Mei." Nikamwambia hospitali ya Dublin haihesabu mwaka kama yeye. Akasema ndiyo maana watu wanafia huko.

Ni kweli nilimzaa siku ya Bealtaine, Mei mosi, jua linachomoza, ng'ombe wanaswagwa kwenda mlimani. Hakulia. Alitazama tu dirishani. Mkunga alisema hajawahi kuona. Namwambia kila mtu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Ng'ombe wote wanne wameshuka kutoka mlimani, wamefungwa zizini. Viazi viko ndani. Mboji kavu ya kuwashia moto imepangwa ukutani mpaka kwenye paa. Leo jua likizama mwaka unakufa na Samhain inaingia, miezi sita ya giza mpaka Bealtaine. Mama mkwe kasema maneno yake ya kila mwaka, kwamba giza ndilo linalotangulia – mwaka unaanzia gizani, kama siku inavyoanzia jioni, kama mbegu inavyoanzia chini. Sibéal akasema, na kama bibi anavyoanzia kulalamika kabla ya chai.

Nimeponda viazi na kabichi, siagi katikati kama kisima, na pete nimeificha ndani. Atakayeipata ataolewa mwaka huu. Imempata mama mkwe! Miaka themanini na moja. Aliitema kiganjani, akasema bwana harusi aje na meno yake.

Kiti cha marehemu mume wangu nimekisogeza karibu na moto. Mlango hauna komeo usiku huu, kama marehemu wetu watapita.

Halafu majani. Nimeyachuma mwenyewe, matatu, ya ule mmea unaotambaa kwenye ukuta wa zizi. Nimeyakagua kwenye mwanga, hakuna doa hata moja. Kila mtu na jani lake katika kikombe chake cha maji: changu cha maua ya buluu, cha Sibéal cheupe kilichovunjika mkono, cha mama mkwe cha bati. Vyote vimepangwa dirishani mpaka asubuhi. Jani likiamka safi, mwenyewe ana mwaka mzima wa uhai. Likiamka na madoa, mwenyewe haioni Samhain ijayo. Mwaka ule la mume wangu lilikuwa jeusi nusu nzima. Tulimzika Februari.

Sibéal alicheka. "Mama, nikiwasimulia madaktari haya watanilaza mimi." Lakini alitia lake. Nilimwona akilisukuma kwa ncha ya kidole mpaka likakaa sawa.

Jumapili, 1 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyohivyo.

Nimeamka kabla ya watu kuwasha moto. Kulikuwa na mwanga kidogo tu, wa kijivu. Nikaenda dirishani. Langu – safi. La mama mkwe – safi, linang'aa. Kando ya kikombe chake palikuwa na maji yamemwagika, nikayapangusa kwa aproni, mazoea tu. La Sibéal –

Madoa matatu. Meusi. Na la nne linaanza pembeni.

Nilishika ukuta. Miaka ishirini, na afya yake ile, na meno yake yote! Sikufikiri. Nikalitoa lile jani kwa vidole viwili nikalitia kikombe changu, na langu safi nikalitia chake. Maji yalikuwa baridi mpaka mfupani. Mama mkwe alikuwa kitandani pake, pale jikoni kando ya moto, anakoroma. Nikapiga magoti kupuliza makaa. Nikasema, basi, iwe mimi. Nina hamsini na mbili, nimeshakula viazi vya kutosha.

Sibéal akatoka chumbani. Akaangalia kikombe chake. Akaangalia changu. Akarudi kwenye chake. Rangi ikamtoka usoni kama mtu aliyekatwa. Nilingoja acheke na hakucheka. Akakaa kwenye kiti cha baba yake, kiti ambacho asubuhi ya leo hakuna anayekikalia.

"Ni jani tu, mwanangu," nikasema. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Kanisani hakusikia neno. Nje Meaig akaniuliza safari ni lini, na hilo sanduku jipya ni la ngozi kweli au la karatasi. Nikakosa la kujisifu. Meaig mwenyewe alishtuka, akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 2 Novemba

Haendi.

Amenipa habari hiyo wakati tunakamua, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, hanitazami. Anasema ataandika barua leo.

"Unaandika nini?"

"Kwamba mama anaumwa."

"Mama gani anaumwa? Mama nimebeba ndoo mbili sasa hivi."

"Nimeliona jani lako, Mama. Unataka nikuache hapa na Bibi tu giza lote hili, nikaoshe watu nisiowajua, halafu niletewe simu ya maandishi? Nitakwenda Bealtaine. Ukifika Bealtaine, nitakwenda."

Nikamwambia Bealtaine hakuna hospitali itakayomngoja. Nikamwambia yeye ni msomi, yeye ndiye aliyecheka Jumamosi. Akasema, "Nilicheka kwa sababu nilikuwa naogopa." Sikujua. Nimemzaa mimi, na sikujua.

Nifanye nini? Nikikaa kimya, ananyimwa maisha yake kwa ajili ya jani ambalo si langu. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwambia: mwanangu, nenda Dublin, na anayekufa ni wewe. Mama gani anaweza kutoa maneno hayo mdomoni?

Jumanne, 3 Novemba

Mvua. Barua ameiandika, haijapelekwa. Iko nyuma ya saa. Naipita kila mara kama mtu anayepita karibu na mbwa.

Saa tisa mchana tayari taa inawashwa.

Jumatano, 4 Novemba

Haya niliyoyasikia leo. Mungu wangu. Niyaandike polepole, labda nitayaelewa.

Sibéal alikwenda kuwapa kuku chakula. Nikamweleza mama mkwe yote, kwamba nimebadilisha majani, kwamba jioni namwambia mtoto ukweli, liwalo na liwe, walau achague mwenyewe. Nililia. Alikuwa anamenya kiazi na hakuacha kumenya.

"Usimwambie," akasema.

"Atapoteza nafasi yake."

"Hukuwa wa kwanza, Bairbre."

Sikuelewa. Akaweka kisu chini. "Wewe unadhani mimi nalala? Sijalala vizuri tangu mume wangu afe. Nakoroma ili mniache. Kabla yako aliamka Sibéal. Miguu mitupu. Alisimama dirishani muda mrefu. Jani la madoa lilikuwa kwenye kikombe chako, cha maua. Akalitoa akalitia chake, na lake safi akalitia chako. Akarudi kulala. Ndipo ukaja wewe na busara zako ukalirudisha."

Nikakaa chini. Nadhani nilikalia ungo.

Kwa hiyo lilikuwa langu tangu mwanzo. Na mtoto aliona jani la mama yake lina mauti, akalichukua akalifanya lake, akaenda kulala! Halafu asubuhi anatoka na kulikuta limerudi kwangu, lenyewe, bila mkono wa mtu. Ndivyo anavyodhani. Ndiyo maana rangi ilimtoka. Anaamini giza limekataa kudanganywa.

Sijui nilie au nicheke. Nitakufa kabla ya Samhain ijayo, hilo nimelielewa, na bado kifua kimenijaa. Nani hapa, kutoka kisimani mpaka ziwani, ana mtoto kama huyu? Meaig na vifungo vyake! Polisi wake angemchukulia mama yake kifo? Hamchukulii hata gunia. Jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kujisifia, na siwezi kumwambia mtu hata mmoja.

Nikamuuliza mama mkwe kwa nini hakusema siku ileile. Akaokota kisu. "Nilikuwa nawaza," akasema. Kiazi alichomenya kilikuwa kimebaki kama yai.

Alhamisi, 5 Novemba

Naandika nimesimama, chumbani. Nimewaambia natafuta kitambaa cha kichwa. Wananingoja.

Cóilín, jirani niliyemwomba ampeleke Sibéal, yuko uani na farasi na mkokoteni. Basi linapita njia panda saa nne, na hilo ndilo la mwisho la kumfikisha Ijumaa. Asubuhi nilikuwa nimeamua kumwambia Sibéal kwamba mkono ulikuwa wangu, kwamba jani halikurudi lenyewe. Angalau hofu ile imtoke. Nimemvalisha koti kwa nguvu, kama mtoto wa shule. Sanduku liko mlangoni. Alikuwa anasema, "Mama, koti nimevaa kukuridhisha, siendi," na mimi nimeshafungua mdomo.

Mama mkwe akatangulia. Alitoka kitandani na fimbo yake mpaka katikati ya jiko na hakukaa.

"Sibéal," akasema, "jani lilikuwa langu."

Tukamtazama.

"Niliamka kabla yenu nyote. Kikombe cha bati kilikuwa na madoa. Mimi nina themanini na moja na nikaogopa kama msichana. Nilitaka niione Bealtaine moja zaidi, moshi wa mioto yake, ng'ombe wakipanda mlimani. Nikalitia kwenye kikombe cha karibu, na kilikuwa cha mama yako. Lake safi nikalichukua mimi." Akapumua. "Wewe ukamwonea huruma mama yako, mama yako akakuonea huruma wewe. Mimi nikakaa kitandani nakoroma. Sasa mmejua mmeishi na mtu gani. Panda mkokoteni."

Hapo Sibéal akanigeukia. "Mama ulibadilisha?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akashika mdomo. Kisha akamgeukia bibi yake. "Bibi, unasema hivi ili niondoke."

"Mimi?" akasema mama mkwe. "Nilishawahi kukufanyia wema bila kukudai baadaye?"

Cóilín akapiga kelele uani kwamba farasi anapata baridi, na kama kuna anayekufa humo ndani afe upesi. Kwa kawaida tungecheka.

"Mama," akasema Sibéal. "Wewe unamjua kuliko mimi. Ni kweli?"

Ndipo nikakimbilia kitambaa.

Namjua miaka ishirini na tano. Hajawahi kuniomba radhi, hata siku aliyomwaga maziwa yote ya juma. Mtu wa namna hiyo haaibiki mbele ya watu kwa kutunga. Au anaweza, kwa ajili ya huyu mmoja. Kama ni kweli, jana angesema. Jana alikuwa anawaza. Alikuwa anawaza nini – namna ya kukiri au namna ya kusema uongo?

Halafu nakumbuka yale maji, kando ya kikombe cha bati. Niliyapangusa kwa aproni hii hii. Mimi sikukigusa kile kikombe, na Sibéal hakuwa na haja nacho. Lakini dirisha lile huvuja, na paka yupo.

Nikisema ni kweli, Sibéal anapanda sasa hivi, na mama mkwe nimemzika kwa mdomo wangu naye amesimama hapo na fimbo. Nikisema si kweli, lile jani ni langu na mtoto haondoki. Na mimi, aibu gani hii, tangu bibi aseme moyo wangu umekuwa mwepesi. Nataka liwe lake. Nimejikuta nataka.

Namsikia mama mkwe kupitia mlangoni. Anamwambia Sibéal asimame wima, na Dublin asiseme anatoka wapi mpaka wampende kwanza.

Sasa Sibéal anabisha mlango wa chumba. Si kwa nguvu. "Mama? Kitambaa unacho kichwani. Nilikuona nacho tangu asubuhi. Nijibu tu."