Duka la Mabegi kwa Jina la Baba

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na habari za kazi? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila mgongo unamsumbua akikaa sana kwenye cherehani. Mimi pia ni mzima. Alama zangu za hesabu sitaziandika hapa mwanzoni, maana mwalimu wa lugha anasema barua ikianza na jambo baya, msomaji anasoma yote yaliyobaki kwa hofu. Ni yeye pia anayesema kwamba barua hata ikitumwa kwa simu ibaki barua, iwe na tarehe, salamu na sahihi. Kwa hiyo nivumilie.

Lakini jambo baya lipo, Baba. Duka letu limefungiwa. Jana nilipotoka shule nilifungua soko la mtandaoni kuangalia kama kuna oda, nikakuta mabegi yote ya Mama hayapo. Mahali pa picha pana maandishi mekundu: "Akaunti yako ya kuuza imesimamishwa. Tafadhali soma ujumbe uliotumwa kwa mmiliki." Mmiliki ni wewe, kwa sababu siku tulipofungua duka Mama alikuwa amepoteza kitambulisho chake, ukasema tutumie chako. Basi ujumbe umekuja kwenye simu yako. Tusomee unasemaje.

Mama alikuwa anamalizia begi la turubai la kijani. Aliligeuza nje ndani akatazama mishono. "Kuna mtu amelalamika?" akaniuliza. Nikamwambia nyota zote tunazopewa na wateja ni nzuri. Akasema, "Basi ni vile vikaratasi vyangu." Unavijua. Kila begi analitilia mfukoni karatasi yenye namba yake ya simu: Mkanda ukikatika nipigie, nitaushona bure. Nimesoma masharti ya soko mpaka mwisho. Ni kweli, muuzaji haruhusiwi kumpa mteja namba yake.

Tena, Baba, tupigie kwa video tukuone. Tangu Novemba unasema kamera imeharibika. Mama anauliza, huko mliko hakuna fundi wa simu?

Mwanao,
Karani

*

15 Februari

Karani wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo, nashukuru. Kazi ni ileile. Mashuka ya hoteli hayaishi, tukimaliza ya leo yanakuja ya kesho. Mgongo wa Mama umenipa mawazo. Mwambie aweke mto kwenye kiti, ule mgumu, si ule wa maua.

Ujumbe wa soko nimeuona. Wanasema tu kwamba akaunti inahakikiwa. Wakati mwingine wanafanya hivyo. Msihangaike sana. Kuhusu vikaratasi, sijui. Huenda.

Fundi wa simu yupo, nafasi ya kwenda kwake ndiyo sina. Na hizo alama za hesabu niandikie hata mwishoni mwa barua, mimi siogopi.

Baba yako

*

24 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wa Mama umepata nafuu tangu tuweke mto mgumu. Natumaini na wewe u mzima. Barua yako ilikuwa fupi, nikaisoma mara ya pili nikidhani nimeruka ukurasa.

Tumeandika rufaa. Nilimwambia Mama kwamba masoko ya namna hii hutaka mtu akiri kosa, aeleze amelirekebisha vipi, na aahidi kutorudia. Kukiri hakukumsumbua. Kuahidi ndiko kulikomshinda. Aliweka mkasi chini akasema, "Yaani nishone kitu kwa mkono wangu, halafu kikikatika niseme hayo ni yako mwenyewe? Mimi sikufundishwa kushona hivyo." Nikamwambia, Mama, ni maneno tu. Akasema, "Ndiyo maana nakataa."

Jioni aliniita. Alikuwa ameyafungua mabegi yote yaliyokuwa tayari, amevitoa vikaratasi, amevifunga kwa uzi mwekundu. "Haya, Karani, andika," akasema. "Andika kwamba mimi fundi nimekosa na sitarudia." Nikaandika. Hakutaka nimsomee.

Unajua kwa nini amekubali. Ulisema duka likijisimamia lenyewe mwaka mzima, utaacha kazi ya mashuka urudi. Mwaka ulikuwa unatimia Juni. Mama ameshakata turubai la begi lako la safari, la kahawia, lenye mifuko pande zote mbili. Analishona kidogokidogo kazi nyingine ikiisha.

Alama za hesabu: thelathini na nane. Umeona sasa?

Mwanao,
Karani

*

10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujajibu, natumaini ni kazi tu na si ugonjwa. Mama anaulizia afya yako kila nikishika simu.

Soko limejibu rufaa yetu kwenye ukurasa wa duka. Nanakili kama ilivyo: "Akaunti haikusimamishwa kwa sababu ya mawasiliano na wateja. Mmiliki alitakiwa kujihakiki kwa kamera. Picha zilizopokelewa ni za mtu mwingine, na hazilingani na kitambulisho."

Mama alifurahi kwanza. Alipiga makofi akasema, "Kumbe si mimi!" Kisha akakaa. "Mtu mwingine gani?"

Tumefikiri sana. Mama anadhani mwenzako wa chumbani alichezea simu yako kwa utani. Mimi nadhani ni mwizi. Nimeitoa nakala ya kitambulisho chako niitazame tena. Ni wewe kabisa, na kola ya shati imesimama upande mmoja. Mama kila akiiona anacheka, anasema hata siku ya harusi kola yako aliikunja yeye mbele za watu.

Lakini kuna jambo silielewi, Baba. Kama kamera ya simu yako imeharibika, hizo picha zilipigwaje? Tafadhali tuambie tujue cha kuwaandikia. Huyo mtu mwingine ni nani?

Mwanao,
Karani

*

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Barua hii isome Mama akiwa karibu yako.

Huyo mtu mwingine ni mimi.

Novemba, bomba la mvuke la mashine ya kupigia pasi mashuka lilipasuka nikiwa nimeinama mbele yake. Nililazwa hospitali. Ule wakati niliowaambia tumepelekwa mji mwingine kwa kazi, nilikuwa kitandani. Shavu lote la kushoto limeungua, na sikio, na mdomo umevutika upande huo. Jicho linaona lakini halifunguki vizuri. Maumivu yamepungua, hilo ni kweli, msidhani nawatuliza. Sasa nakunja taulo chumba cha nyuma, ambako wageni hawapiti.

Kamera haijawahi kuharibika.

Soko walipotaka nijihakiki, nilidhani ni jambo dogo. Simu inakuamuru: tazama mbele, geuka kushoto, geuka kulia, fumba macho, fumbua. Nikafanya. Ikaandika kwamba uso haulingani. Nikaenda kunawa, nikarudia. Sijui nilidhani nitanawa nini. Nikatoka uani penye mwanga, nikarudia tena, na hapo ikaifunga akaunti.

Nilijua tangu siku ile. Nikawaacha mfikiri ni vikaratasi. Uliponiandikia kwamba Mama amevitoa mifukoni na kuvifunga kwa uzi, nilishindwa kula. Mwambie avirudishe. Mwambie hakuna aliposhona vibaya.

Nilitaka kurudi Juni. Sasa sijui, mwanangu. Ile simu haina ugomvi na mimi, haina cha kunichukia, na bado imetazama ikasema sijui huyu ni nani. Ninyi mtasemaje?

Baba yako

*

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole. Nimeandika neno hilo nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu sijui jingine.

Nilimsomea Mama kama ulivyoagiza. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Nilipofika kwenye mvuke aliacha. Nilipomaliza aliinuka akaenda nyuma, nikasikia maji yanamwagika kwenye beseni kwa muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na alikuwa amekasirika.

"Miezi yote hiyo!" akasema. "Mimi naomba radhi kwa mashine, yeye amelala hospitali! Nani alimuuguza? Nani alimpa uji? Muulize! Andika hivyohivyo, usimpunguzie."

Kwa hiyo sijapunguza. Nani alikuuguza, Baba?

Halafu nikaanza kuosha vyombo. Akaniita tena. "Ongeza hili," akasema. "Mwambie mimi sikuolewa na kitambulisho."

Nilimweleza mwalimu wa lugha, sikumwambia yote. Anasema tuandike rufaa ya pili na tuambatanishe cheti cha hospitali kinachoeleza kwa nini uso umebadilika. Anasema mahali fulani lazima awepo binadamu anayesoma. Naomba utume hicho cheti. Tutawaandikia vizuri. Mimi naamini watatuelewa.

Vikaratasi Mama amevirudisha mifukoni, ingawa hakuna wa kumuuzia.

Mwanao,
Karani

*

19 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Cheti kilifika bila barua. Nilikipokea, nikatafuta neno lako hata moja, sikuona. Tunatumaini u mzima na jicho halikuumi.

Rufaa niliiandika kwa uangalifu kuliko insha yoyote. Mwalimu alisahihisha mahali pawili tu. Nikaituma pamoja na cheti, na kabla sijaweka simu mezani jibu likawa limefika: "Uamuzi huu ni wa mwisho. Akaunti imefungwa kabisa." Baba, hakuna mtu anayeweza kusoma kurasa mbili kwa haraka hivyo. Nilimwambia mwalimu. Alitazama dirishani, akasema, "Basi huko hakukuwa na mtu."

Tukajaribu kufungua duka kwa jina la Mama, maana sasa ana kitambulisho kipya. Alivaa kitambaa chake kizuri, akageuka kushoto na kulia kama ilivyotaka, na uso wake ulikubaliwa. Kesho yake wakalifunga. Wanasema simu hii na anwani hii zina uhusiano na akaunti iliyofungwa. Mama akasema, "Ni kweli, tuna uhusiano. Ni mume wangu."

Sasa anamshonea yule mwenye duka la viatu karibu na shule yetu. Yule bwana anabandika nembo yake juu ya mabegi, na karatasi ya Mama hataki kuiona mfukoni. Mama hashoni akiimba siku hizi. Begi lako la kahawia limebaki zipu tu, ameliweka juu ya kabati na halitazami.

Lakini nataka kukuambia jambo moja zuri, kwa sababu lilitokea kweli. Juzi simu ya Mama ililia. Aliyepiga ni mwanamke mmoja, muuguzi, aliyenunua begi letu mwaka jana. Mkanda umekatika na amekuta namba mfukoni. Akaja nalo mwenyewe. Mama aliushona papo hapo, akampa kiti, wakaongea. Muuguzi akasema, "Nimewatafuta sokoni hampo, nikadhani mmehama." Mama akamwambia sababu, yote, hata ya uso. Mimi niliona aibu, lakini muuguzi hakushangaa. Akauliza ni nani anayekupaka dawa sehemu ya nyuma ya sikio, maana mwenyewe huifikii. Kisha akaagiza begi jingine la dada yake. Ni moja tu, Baba, lakini halikupitia kwa mwenye duka la viatu.

Juni imekaribia. Hatuulizi. Ila Mama anataka picha yako. Anasema si ya soko, ni yake.

Mwanao,
Karani

*

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Leo ni siku ya mwisho ya Juni. Sisi hatujambo. Mama ametia zipu kwenye begi lako.

Mwanao,
Karani

*

21 Julai

Karani wangu,

Marahaba. Nisamehe ukimya. Kila jioni nilianza barua, nikaishia kwenye salamu.

Umeuliza nani aliniuguza. Ni mwenzangu wa chumbani, yule ambaye Mama alidhani ni mtani. Ndiye anayenipaka dawa nyuma ya sikio. Leo nimempa simu nikamwambia anipige picha moja, asinirudishie niitazame, aitume moja kwa moja. Ameniuliza, "Utageukia upande gani?" Nikamwambia nibaki hivihivi.

Itafika pamoja na barua hii. Usiifungue peke yako. Mpe Mama atazame yeye kwanza, na wewe usimwambie neno. Kisha niandikie alichosema, kama kilivyo, usinipunguzie.

Kama ataniona, nitaomba ruhusa ya kuondoka. Kama hataniona, nitaelewa, nitaendelea na taulo.

Baba yako

*

22 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nilimpa Mama simu nikasimama mlangoni. Aliitazama muda mrefu sana. Aliikuza kwa vidole, akaisogeza, akaikuza tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Halafu akagusa kioo, pale chini ya shingo yako, akawa anakisugua kwa kidole gumba kama mtu anayekunja nguo.

"Ni yeye," akasema. "Angalia kola."

Nimeandika kama kilivyo. Begi lako limeshuka kabatini.

Mwanao,
Karani