Inveta ya Mayai Yako, Mama

Mama yangu,

Nianze na habari mbaya, maana wewe hukupenda mtu azungushe maneno. Kuku wako wamekwisha. Siafu waliingia kibandani wiki ya pili ya mvua, na kulipokucha hakubaki hata mmoja, si yule jogoo mwekundu asiye na manyoya shingoni, si yule koo mweusi uliyemwita askari kwa sababu alimfukuza hadi mbwa wa jirani. Baba alikuwa amewafungia mlango kwa komeo kama ulivyomwagiza. Alichosahau ni jivu la kuzungushia kibanda ili siafu wasivuke.

Alinipigia simu asubuhi hiyo nikiwa nafungua bale la mitumba hapa Busia. Hakunisalimu. Alisema tu, "Nimewaua." Moyo ulinipasuka, nikadhani ni watu. Nilipoelewa ni kuku nikashusha pumzi, halafu nikakumbuka ni kuku wa nani, nikakaa juu ya zile nguo na kulia kama mtoto.

Tangu tukuzike mwaka jana, baba alikuwa hatoki. Kanisani haendi, sokoni Khunyangu haendi, ukimwuliza anasema goti linauma. Kuku wako ndio waliokuwa wakimtoa kitandani. Jogoo akiwika ilibidi mtu awafungulie, na mtu mwenyewe alikuwa yeye peke yake. Ndiyo maana niliogopa, mama. Niliwahesabu wale kuku kama dawa yake, na dawa ilikuwa imekwisha.

Siku mbili baadaye akatokea mlangoni kwangu bila taarifa, amevaa koti la harusi za watu, amekumbatia kikapu. Ndani kulikuwa na mtama, na ndani ya mtama mayai kumi na tisa. Yalikuwa kwenye kile chungu chako cha jikoni, yakingoja koo wa kuyaatamia.

"Ndiyo yamebaki," akasema. "Una lile sanduku lako bado?"

Lile sanduku unalijua. Mashine ya kuangulia, uliyoicheka nilipoinunua. Uliizunguka mara mbili, ukachungulia kidirisha chake, ukaniambia, "Likianza kutetea, nipigie simu." Nilinuna siku nzima. Leo ningetoa chochote unicheke tena hivyo, hata mbele ya wateja.

Tukayapanga mayai humo. Baba alisema atarudi nyumbani kesho yake. Kesho ikafika, akasema ataondoka keshokutwa. Alivuta kiti akakaa mbele ya kile kidirisha kama mtu anayetazama taarifa ya habari, na kila nikirudi kutoka sokoni ananieleza joto limepanda wapi na limeshuka wapi. Nikamwacha. Alikuwa anakula vizuri, na hilo lilinitosha.

Siku ya kumi na nane stima ikapotea. Tulikuwa tunakunywa chai. Mlio mmoja mkubwa kule kwenye transfoma, halafu kimya, na feni ya sanduku ikazunguka polepole ikasimama. Watu wa stima wakasema siku tatu. Zilibaki siku tatu vifaranga watoke, na wale walikuwa ndio kizazi cha mwisho cha yule koo wa kwanza uliyeletewa na nyanya, mama yako, ulipoolewa.

Nikasema tuyatie ndani ya gari. Lile langu dogo jeupe la kubebea mitumba ukiliacha juani na vioo juu linageuka tanuri, unakumbuka ulivyolilalamikia. Tukaliweka sanduku kiti cha nyuma, baba akalifunika kwa ile leso yako ya kujifunga, ya zambarau, akakaa pembeni na kipimajoto mkononi. Joto likizidi anafungua kioo, likipungua anafunga. Lakini jua si la kutegemea mwezi huu, na kwa upande wa Uganda mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Jirani yangu anayetengeneza simu akaniambia, "Dada, tafuta inveta. Inachukua umeme ya betri ya gari inageuza inakuwa kama ya nyumba. Nenda Malaba, huko ziko nyingi, madereva ndio wanazinunua." Gari lilikuwa limegeuka nyumba ya mayai, kwa hiyo nikapanda boda mpaka Malaba.

Kama ungeona ile foleni ya malori mpakani, mama. Matrela yamepangana mpaka macho yanachoka, madereva wamekaa chini ya trela wanapika, na kila mmoja amechomeka kitu ndani ya kabini yake. Mmoja ana birika la umeme, mwingine televisheni, mwingine ananyoa ndevu kwa mashine. Vibanda vya vifaa vya magari vimepangana kandokando, na nilipouliza inveta nikaonyeshwa rafu nzima. Kulikuwa na ndogo za kutosha kiganjani na kubwa kama mkate wa familia, nyekundu, bluu, zenye feni, zisizo na feni. Nikachanganyikiwa.

Hapo ndipo nikakukumbuka wewe na soko la Bumala. Nilikuwa na miaka minane hivi. Ulinishika mkono tukapita mbele ya kuku wote wenye manyoya ya kung'aa, na mimi nikawa nakuvuta kwa jogoo mmoja mweupe kama mchele. "Unanunua manyoya?" ukaniuliza. Ukamwinua kwa mabawa, ukanishikisha kifua chake, mfupa mtupu. "Inua kwanza," ukasema. "Mwenye nyama ni mzito." Basi pale Malaba nikafanya hivyohivyo. Nikainua moja baada ya nyingine. Ile ya bei rahisi ilikuwa nyepesi kama boksi la viberiti. Nikafika kwa moja nyeusi, ndogo, nzito kweli, nikajua nimepata.

Mwenye kibanda alikuwa kijana mpole wa ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambako kila mama huitwa nyabo. "Nyabo, hiyo ni ya ukweli," akasema. "Nikutestie?" Akaiunganisha kwenye betri zake mbili zilizofungwa pamoja chini ya meza, akachomeka balbu, ikawaka. Nikaridhika. Niliibeba kifuani kwenye boda njia nzima, najiambia mama angeniona leo angesema nimekua.

Nilipofika Busia wingu lilikuwa limefunika jua. Baba alikuwa amefunga vioo vyote na amevua koti lake la harusi akalitandaza juu ya leso. "Limeshuka," akasema, na sauti yake sikuipenda. Nikafungua boneti, nikabana klipu nyekundu na nyeusi kwenye betri kama nilivyoonyeshwa, nikachomeka waya wa sanduku, nikawasha. Inveta ikapiga kelele, piiii, taa nyekundu ikawaka, sanduku halikutikisika. Nikazima nikawasha. Piiii. Nikawasha injini nikidhani betri imechoka. Piiii. Baba akaweka kiganja juu ya sanduku akakiacha hapo.

Nikampigia yule kijana kwa namba iliyokuwa kwenye risiti, nikamwita mwizi. Naona aibu kuandika, lakini nilimwita.

"Nyabo, pole," akasema. "Gari yako ni gani?"

Nikamwambia.

"Ee! Sasa si ungeniambia ni gari ndogo? Hapa kwetu ni matrela tu, sisi hatuulizi. Lori ni volti ishirini na nne, ndiyo maana uliona nimefunga betri mbili. Yako ni kumi na mbili. Hiyo inveta iko na njaa, haijaharibika."

Mama, nilikaa chini pale kando ya tairi nikacheka na machozi yakinitoka. Maana nilikuwa nimekumbuka nusu ya somo. Baada ya kumwinua kuku wewe ulikuwa na swali la pili, lile lililokuwa linanitia aibu mbele za watu. "Huyu amezoea kula nini?" Wauzaji wakikasirika, "Mama, si ni kuku, anakula chakula ya kuku!" na wewe unamrudisha chini polepole unakwenda kwa mwingine. Ulinieleza tukirudi kwamba kuku aliyelelewa kwa mabaki ya hotelini, ukimpeleka kwako atasimama mlangoni anangoja ugali, hatachakura, atakufa njaa shamba likiwa limejaa wadudu. Nami nimenunua kuku wa hotelini. Watu wa Malaba nao wameishi na malori mpaka wamesahau kuna gari jingine duniani.

Nikamwomba yule kijana msamaha, akacheka. Halafu akaanza kuniuliza maswali yote aliyopaswa kuniuliza asubuhi, na mimi niliyopaswa kumwuliza.

"Angalia nyuma ya hiyo mashine unayotaka kuwasha. Imeandikwa wati ngapi?"

"Themanini."

"Basi usichukue kubwa, itakumalizia betri bure. Mia tatu inatosha, hata feni ikianza kwa nguvu itabeba. Lakini chukua ile ya umeme laini, ile nyingine itafanya feni ilie. Na usichomeke kwa lile tundu la kuwashia sigara, fyuzi itakatika. Bana kwa betri. Kila masaa mawili uwashe injini kidogo, betri ishibe. Na gari ikae nje, ule moshi usiingie kwa nyumba."

Akampa mwendesha boda anayemwamini inveta ya mia tatu aniletee, akamwambia airudishe ile ya lori. Ile saa tuliyongoja sitaisahau. Matone ya kwanza yalianza kugonga paa la gari. Nilichemsha maji kwenye jiko la makaa, tukayajaza kwenye chupa, baba akazipanga kuzunguka sanduku chini ya leso yako, akawa anabadilisha kila zikipoa. Nilikuwa nafikiri nitamwambia nini yakifa.

Boda alifika amelowa chepechepe, inveta iko kavu ndani ya shati lake. Nikabana, nikawasha. Taa ya kijani. Feni ya sanduku ikaanza kuzunguka, na baba akaegemeza kichwa kwenye kiti akafumba macho.

Siku tatu alikaa ndani ya gari. Chakula nilimpelekea humo humo. Nilimfundisha kuwasha injini, yeye ambaye hajawahi kuendesha hata tingatinga, akawa anaiwasha kwa saa yake ya mkononi bila kukosea. Majirani wakipita wananiuliza mzee anakwenda wapi. Nami nikimaliza sokoni naingia kiti cha mbele, tunakaa, mvua inanyesha juu yetu, na ndipo akaanza kukuzungumzia. Sikuwa nimemsikia akikutaja tangu mazishi.

Alinisimulia siku wazee wa ukoo walipokuja kumwona mke mpya. Kila mtu anajua mgeni wa heshima kwetu anapewa kuku, na wewe ulikuwa na kuku mmoja tu, yule wa mama yako. Ukamficha ghalani. Ukawapikia wazee omena, vidagaa vya ziwani! Wazee wa ukoo, omena! Nilicheka mpaka gari likatikisika, nikaogopa mayai.

"Alidhani sijui," baba akasema. "Nilimsikia huyo kuku akitetea kule ghalani. Nikakohoa kwa nguvu ili wazee wasisikie. Nilikohoa mpaka wakaniambia niende hospitali."

Ulijua, mama? Miaka yote hiyo ulijua kwamba alikuwa anakohoa kwa ajili yako? Mimi nadhani ulijua. Nadhani ndiyo sababu ulikuwa unampa paja kubwa hata alipokukasirisha.

Kisha akaniuliza, "Jivu. Unadhani angenisamehe lile jivu?" Nilimwambia tu kwamba wewe mwenyewe uliwahi kulisahau mwaka nilipokuwa darasa la sita, tukapoteza vifaranga tisa, na ukalia chooni ili asikuone. Hakuwa anajua. Akageuka akawasha injini ingawa saa yake haikuwa imefika.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja nilikuwa nimesimama nje nampa chai kupitia dirishani. Kwanza tulisikia sauti ndogo, kisha tukaona ufa kwenye yai moja karibu na kidirisha, kisha ufa ukawa tundu, na kitu chenye maji maji kikajisukuma nje kikaanguka kifudifudi. Baba hakupokea chai. Alivua kofia.

Maisha yangu yote nimemsikia akikuita Mama Wafula, kwa jina la kaka yetu mkubwa, hata siku ya kukuzika alisema kwaheri Mama Wafula. Jina lako mwenyewe nililisoma kwenye kitambulisho, kinywani mwake sikuwahi kulisikia hata mara moja. Asubuhi ile, ameinama juu ya sanduku, ameweka kofia kifuani, alilisema kwa sauti ya chini, ya kijana, sauti ambayo nadhani hata mimi sikupaswa kuisikia.

"Nekesa," akasema. "Wametoka."

Nami nikaondoka dirishani, nikawaacha.

Ni kumi na mmoja, mama. Baba anakwenda nao nyumbani Jumamosi. Pumzika sasa.

Kitindamimba wako,
Busia