Swali Lile Lile Mara ya Pili

Jumatatu, 3 Februari

Alfajiri, uji jikoni, Baba ameshavaa. Nimemwuliza kama kawaida, umemeza dawa? Akajibu kama kawaida, nimemeza. Nikatoka mbio. Gari la utafiti linapita mtaani kwetu Cheyo saa kumi na mbili kamili na dereva hana huruma na mtu.

Daktari wa presha alituonya mwaka jana. Huyu mzee akiacha vidonge atapooza, au atakufa. Alisema hivyo mbele yake, bila kupepesa. Tangu siku hiyo namwuliza kila asubuhi, na sijawahi kupata jibu tofauti. Laiti watu wa Goweko, kijiji tunachokifanyia utafiti, wangekuwa nusu yake.

Mzunguko wa pili umeanza leo. Kazi yenyewe ndiyo hii: wiki mbili zilizopita tuliwauliza watu maswali arobaini. Unanawa mikono lini, unakunywa pombe, unakula matunda, unalala kwenye chandarua. Sasa tunawarudia watu wale wale na maswali yale yale. Majibu yakifanana, dodoso linaaminika, litapelekwa mkoa mzima. Yasipofanana, takataka. Mtaalamu katoka Dar es Salaam kuja kusimamia hili akiwa na raba nyeupe. Raba nyeupe, Goweko, masika hii. Basi tena.

Nimefundisha darasa la nne miaka kumi na minane kabla ya kuacha, na mpaka leo watu wananiita mwalimu. Kuuliza maswali namzidi mbali.

Jumanne, 4 Februari

Wamenichosha. Mama Shija, mkulima wa tumbaku, mara ya kwanza alisema amekula matunda siku mbili kwa wiki. Leo siku saba. Jirani yake aliyesema hanywi pombe hata tone, leo anakiri anakunywa kila siku, kichwa kakiinamisha kama anaungama kwa padri. Mzee mmoja aliyekuwa mvuta sigara, leo hajawahi kuigusa maishani. Anasema hivyo huku pakiti inachungulia mfukoni.

Na yule mama aliyekuwa ananawa mikono kila akitoka chooni. Leo: sinawi. Nikamtazama. Akaongeza harakaharaka, au nanawa kidogo. Kidogo! Vidole vingapi, mama?

Waongo. Sina neno jingine. Tumbaku imekomaa, mabani ya kukaushia yanafuka moshi, kila mtu anataka nimalize arudi kwenye majani yake. Hata mimi nataka kumaliza.

Alhamisi, 6 Februari

Mtaalamu kafungua kishikwambi mbele yetu sote. Majibu hayafanani hata kidogo. Kasema ama dodoso ni bovu, ama "baadhi yetu" tunakaa mgahawani tunajijazia. Baadhi yetu ni mimi, maana macho yalikuwa kwangu.

Khaa! Ningekuwa najijazia si yangefanana? Mtu kasoma mpaka nywele zimemwisha na hilo halioni. Nikamwambia. Akasema, "Mama, tulia." Mama yako yuko Dar.

Nimefika nyumbani Baba yuko barazani anapiga brashi viatu vya kwaya, kopo la rangi ya viatu liko miguuni. Anaimba besi kanisani kwetu tangu nilipokuwa mtoto, Moravian wote wa mtaa huu wanaijua sauti yake. Asubuhi nilimwuliza kama kawaida. Amemeza. Afadhali hapa nyumbani kuna mtu mmoja anayeeleweka.

Ijumaa, 7 Februari

Simu imenikuta Goweko. Baba kaanguka kwenye mazoezi ya kwaya. Dereva, leo tu, kakimbiza gari bila kuambiwa.

Mdomo haujapinda. Mikono yote inafanya kazi. Presha iko juu vibaya.

Daktari wa zamu ni kijana, ndevu zenyewe hazijakubaliana. Kauliza, mzee anameza dawa kila siku? Nikasema kila siku. Akauliza tena, una uhakika, mama? Hapo nikapandwa. Nikamwambia namwuliza mwenyewe kila asubuhi, na asinifananishe na watu wangu wa Goweko. Hakuwajua watu wangu wa Goweko. Kaandika. Kasema basi dawa aliyonayo imeshindwa, kamwongezea nyingine mbili, kali zaidi.

Baba alikuwa amelala pale pale, anasikia yote. Aligeukia ukutani.

Naogopa. Hapa naweza kusema. Naogopa sana.

Jumapili, 9 Februari

Wameturuhusu jana. Leo amekataa kwenda kanisani. Sijawahi kuona. Nimempa vidonge vyote vitatu na maji, nikageuka kushusha chungu, niliporudi kikombe kitupu. Umemeza? Nimemeza.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemwacha Baba na jirani, nimekwenda. Nimemkuta Mama Shija kwenye bani lake, mikono imeshika utomvu wa tumbaku mpaka kwenye viwiko. Leo sikutoa dodoso. Nimemwuliza mtu kwa mtu: kwa nini siku mbili zikawa saba?

Akanishangaa. "Si wewe mwalimu?" akasema. "Mwalimu akirudia swali, si ndiyo umekosa? Nilikaa nikajiuliza nimekosea wapi. Nikaona labda matunda yalikuwa machache." Na jirani yake wa pombe? Huyo alidhani tumeshamgundua, ndiyo maana tumerudi. Na mzee wa sigara? Huyo alikosea kukiri mara ya kwanza, kajisahihisha.

Nikauliza, sasa ukweli ni upi? Akacheka. Maembe yamekwisha, hajaonja tunda tangu mwezi uliopita. Kisha, kwa wasiwasi wa kweli kabisa: "Kwani mwalimu, saba nayo nimekosa?"

Nimesimama pale kama mwenye hatia. Miaka kumi na minane. "Haya, nauliza tena." Na mikono yote inashuka, na darasa zima linabadili jibu, hata waliopata. Nani aliwafundisha hivyo? Mimi na wenzangu. Halafu nimewaita waongo wiki nzima.

Nikiwa kwenye gari ndipo fikra iliponipata. Kijiji kizima, na hakuna mtu aliyebaki na jibu moja. Baba peke yake. Kila siku neno lile lile, kwa sauti ile ile. Na kila siku nimeuliza mara moja tu, mkono uko kwenye kitasa.

Yule kijana wa hospitali aliniuliza mara mbili. Nikambwekea.

Jumanne, 11 Februari

Sikwenda kazini. Mtaalamu apige simu mpaka achoke.

Umemeza? Nimemeza. Sikutoka. Nimevuta kiti nikakaa mbele yake. Nimemwuliza tena, umemeza, Baba?

Akainama, akachukua kopo la rangi ya viatu, akafungua kifuniko. Vidonge vimejaa. Vya zamani, na juu yake hivi vipya vya Ijumaa. Vingine vimeshika weusi.

"Zinanikojoza, mwanangu," akasema. "Natoka katikati ya wimbo. Mara tatu ibada moja. Watu wazima na watoto wote wananiangalia mlangoni."

Nimekasirika. Nimemwambia maneno ambayo hata humu siyaandiki. Nimemwambia angekufa kwa ajili ya choo. Akasema hakutaka kunisumbua, nilikuwa nawahi gari kila siku. Nimelia mbele yake, mtu mzima mimi, na yeye akawa ananishikia kikombe cha maji.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda hospitali asubuhi kabisa, nikapanga foleni kama watu wengine, nikamwambia yule kijana: jibu langu la Ijumaa halikuwa kweli. Hakuwa anameza. Sikujua, na nilikujibu kama ninayejua.

Nilitaka anicheke ili niendelee kumdharau. Hakunicheka. Kakunja uso, kauliza kama mzee amemeza hata kimoja cha zile kali. Nikasema hapana, vyote viko kwenye kopo. Akashusha pumzi. Kasema mwili wa mzee haukuwa na dawa kabisa, angemeza zote tatu kwa mkupuo presha ingeporomoka, angeanguka tena na pengine asiinuke.

Maana yake mimi ndiye niliyetaka kumwua. Kwa kumtunza. Ukaidi wake ndio uliomkinga na mdomo wangu.

Zile mbili kazifuta. Arudie ile moja ya mwanzo, kila asubuhi, na Jumapili aimeze baada ya ibada. Ndiyo hivyo tu. Mwaka mzima mzee anaficha vidonge kwenye rangi ya viatu, na dawa yake ilikuwa kusogeza saa. Hakuna aliyemwuliza kinachomsumbua, mimi wa kwanza.

Ijumaa, 14 Februari

Mtaalamu kaondoka. Kaandika kwamba dodoso halina uthabiti, litungwe upya. Nilimweleza habari ya mwalimu kurudia swali. Nikamwambia awaambie watu mwanzoni kwamba hawakukosea. Kanisikiliza, kasema inavutia sana, lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kuijaza. Inavutia! Basi tuandike ukutani.

Nikamwambia pia kwamba kama angenipa dodoso mimi, mwaka mzima ningemjazia kwamba Baba anameza dawa, na majibu yangu yangefanana yote, na angefurahi. Hakunielewa. Kapanda gari na raba zake, sasa za kahawia.

Jumapili, 16 Februari

Kaimba mpaka mwisho. Hakutoka hata mara moja. Nilikaa nyuma nikamsikia.

Nyumbani, kabla hajavua koti, kaja mezani na kikombe cha maji na kidonge. Kameza mbele yangu, kafungua mdomo, kanyanyua ulimi nione. Sikumwomba. Nikaona aibu, nikageukia sufuria nikampakulia wali.

Akaniuliza, umekula? Nikasema nimekula, niko sawa, huku naosha vyombo.

Akaweka kijiko chini. Akauliza tena, umekula?

Nikachukua sahani, nikakaa.