Maelezo Kuhusu Convertisseur Iliyotoka Chumba cha Mtandao

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Bunia. Alhamisi, tarehe 16 Mei 2013, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Jina: Constant Dhelo. Umri: miaka 53. Kazi: sentinelle, yaani mlinzi wa ofisi. Makazi: Nyakasanza, tangu nilipohama Djugu.

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Juzi nilitoa maelezo hapa hapa na yalikuwa ya uongo. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika siku mbili tu. Kati yangu na fundi Gracieuse Mave hakuna ugomvi, wala wa kabila. Naomba hilo liandikwe, maana mji wetu unapenda kusikia vingine.

Nalinda ofisi ya mtandao unaounganisha zahanati za vijijini na daktari wa Bunia. Umeme wetu ni wa jua: paneli juu ya bati, batri nne chini. Mvua ikinyesha siku mbili, mtandao ulikuwa unakufa, na zahanati ya Iga Barrière inabaki haina wa kumuuliza.

Mnamo tarehe 9 Mei, saa mbili asubuhi, Gracieuse alifika na kipimo chake cha umeme. Mkuu wetu, Bwana Adolphe, alitaka kununua convertisseur kubwa zaidi, yaani kile chombo kinachogeuza umeme wa batri uwe umeme wa prizi. Alisema, “Prizi kila mutu anaijua.” Gracieuse hakupandisha sauti. Alifungua mashine moja ya mtandao akamwonyesha ndani.

“Patron, batri inatoa courant continu, umeme wa kwenda upande moja. Convertisseur inaigeuza alternatif, ule wa kwenda na kurudi, kisha ile chargeur ya mashine inairudisha tena continu. Mashine yenyewe haina kazi na alternatif. Ni kama kupeleka muhogo Mambasa na kuirudisha Bunia mbele ya kuikula.”

Bwana Adolphe alicheka, akakubali. Jioni hiyo akasafiri kwenda Mahagi-Port.

Nimeona mafundi wengi wa kubabaisha. Huyu ni wa namna nyingine. Alichagua waya nene za kutoka batri moja kwa moja hadi mashine, akazikata fupi, kwa sababu, alivyonieleza, umeme mdogo wa batri unachoka njiani. Kila ncha ya chanya aliifunga mkanda mwekundu, akapima mara tatu kabla ya kugusanisha. Kila mashine aliipa fyuzi yake. Tarehe 11, saa kumi alasiri, alichomoa convertisseur, na taa za mashine zote zikabaki zinawaka. Mimi ni mtu mzima, lakini nilipiga makofi.

Hapo ndipo alipoona waya wangu nyuma ya kabati. Ukweli ni kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nachaji simu za mtaa kwenye prizi ya ile convertisseur, kumi na nne, hata ishirini kwa siku. Masentinelle wengi wanafanya hivyo. Watu wanakuletea ndizi, sabuni, na wanakusalimia kwa heshima. Kumbe batri zilikuwa zinamalizwa na mimi pia.

Gracieuse alinitazama kidogo. “Papa Constant, jina yako sitaitia mu rapport. Lakini prizi imekwisha.” Aliweka convertisseur mu stoo, akaenda na katoni ya vyombo vyake.

Jumapili tarehe 12 watu walikuja na simu zao, nikawarudisha. Jirani mmoja aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Niliona haya, na ile haya ikageuka hasira. Saa kumi na mbili jioni niliitoa convertisseur stoo nikaipeleka nyumbani. Tarehe 14 Bwana Adolphe alirudi, akaiulizia. Nilimwambia fundi aliondoka nayo ndani ya katoni, na hapa kituoni nikasema vile vile. Mkamkamata saa nane mchana.

Tangu tarehe 13 jua halijaonekana. Mtandao haujazimika hata dakika moja. Jana, saa kumi alasiri, simu ya ofisi ililia, hakukuwa na mtu, nikaipokea. Alikuwa Véronique, muuguzi wa Iga Barrière. Alisema asubuhi mama mmoja alishindwa kujifungua, daktari akamwongoza yeye muuguzi kwa mtandao saa nzima, na sauti haikukatika. Mama na mtoto ni wazima.

“Uniitie fundi,” alisema, “nimupatie asante miye mwenyewe.”

Nilimjibu kwamba fundi yuko kazini.

Convertisseur ni hii hapa, nimeileta kwa baiskeli. Mwanamke huyu alinifichia aibu yangu, nami nikamfungisha. Asante ya punda ni mateke, na punda ni mimi. Mumutoe. Kama kuna mtu wa kukaa ndani, nipo. Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, nimeyasema bila kulazimishwa.

(Sahihi) Constant Dhelo

Nota ya afisa: Maelezo yamesomwa kwa shahidi, akayakubali. Namba ya chombo inalingana na ya ofisi. Gracieuse Mave ameachiwa saa tano na robo. Shahidi amebaki kituoni. Mwanamke huyo alijulishwa jina la aliyemshitaki. Alimuuliza shahidi kama Iga Barrière bado inapatikana kwa mtandao. Shahidi alijibu, “Iko, mama.”

Baudouin, OPJ, afisa wa upelelezi