Nguruwe Aliyenuna na Mashine ya Profesa Pyo

Mama Bong mpendwa, kabla sijakuomba msaada sina budi kutangaza, kwa masikitiko makubwa na kwa niaba ya chuo kizima cha teknolojia ya habari hapa Daejeon, kwamba kichwa cha nguruwe tulichotambikia mashine yetu mpya Jumatatu kilikuwa kimenuna.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mdogo kuliko wote kwenye maabara ya Profesa Pyo, na mdogo ndiye mtumwa wa sherehe, kwa hiyo nilitumwa sokoni, na profesa, mtu mwenye vitabu vinne kuhusu kompyuta, alinisisitizia, "Ha-ram, kinachocheka, umesikia? Kisipocheka mashine haidumu," nami nikachelewa kuamka, nikamkuta muuza nyama anafunga, akaniambia, "Mwanangu, wenye kucheka wameondoka asubuhi, kabaki huyu, alikuwa mtu wa mawazo," nikamchukua hivyo hivyo, nikamtegea vijiti viwili vya kuchokolea meno kwenye pembe za mdomo, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyealikwa harusi ya mpenzi wake wa zamani, na hakuna aliyegundua mpaka profesa alipopiga magoti, akasujudu, akamtia bahasha ya pesa mdomoni, vijiti vikachomoka, mdomo ukashuka, na Kaka Tak wa maabara yetu, nyuma yangu, akanong'ona, "Yamekwisha. Kakasirika."

Nikaharakisha kumaliza, nikanyunyiza pombe ya mchele kwenye pembe nne za chumba cha mashine kama desturi inavyotaka, iliyobaki nikaimwaga yote pembeni kumbembeleza nguruwe, tukala, tukatawanyika. Jumanne asubuhi mashine kimya. Leo Jumatano bado kimya, watu kumi na wanne tuko maabarani ghorofa ya tano tunatafuta kosa kwenye programu, na programu hiyo kaiandika Dada Maeng, mkubwa wetu, ambaye asipotuma matokeo yake kabla ya Ijumaa saa sita mchana hahitimu mwaka huu, na jana profesa alimwambia mbele yetu sote, "Wewe ndiwe uliyeigusa mwisho," naye akainama akasema, "Samahani, Profesa," na mimi mwenye habari ya vijiti nikatazama viatu vyangu. Mama, mimi nasomea hesabu za uwezekano, najua nguruwe aliyekufa hana uwezo wa kuzima mashine, lakini chakula hakipiti. Niseme nichekwe na maabara nzima, au ninyamaze Dada Maeng abebe?

Asiyetaka kujulikana

*

Wewe mtoto,

Jina umelificha chini baada ya kuliandika katikati. Usihangaike, majina yote nimeyabadilisha.

Nilipika kwenye kantini ya chuo chenu kwa miaka kumi na tisa kabla gazeti hili halijanipa kona. Nimewaona madaktari wa kompyuta wakikataa supu ya mwani siku ya mtihani, eti mwani unateleza, wasije na wao wakateleza wakafeli. Kwa hiyo kuamini kwako hakukuniudhi. Kilichoniudhi ni viatu vyako. Dada wa watu anainamishwa mbele ya kadamnasi, wewe unakagua kamba!

Halafu nguruwe unamsingizia. Kafa, kachemshwa, katiwa vijiti mdomoni, kabebeshwa bahasha, na bado unamtafutia ugomvi na umeme? Barua yako nimeisoma mara mbili. Nguruwe umempa nusu ukurasa, pombe umeipa mstari. Mwanangu, sakafu ya chumba kile imeinuliwa, na waya zote zinapita chini yake. Mimi niliwahi kupeleka chai pale nikafukuzwa mlangoni kwa sababu ya kikombe kimoja. Wewe umeingia na chupa.

Jana barua ilipofika nilimpigia simu Mzee Gil, fundi wa jengo; tunajuana tangu enzi zangu za sufuria. Sikutaja mtu.

"Mzee Gil, ile mashine mpya imekufa?"

"Nani kasema imekufa? Kengele ya maji ililia Jumanne, mashine nikaizima mwenyewe. Huko chini ya sakafu kunanuka kilabu cha pombe, mama."

"Imeharibika?"

"Haina hata mkwaruzo. Inangoja pakauke."

Basi pumua. Ukishapumua, simama. Leo hii Alhamisi, kabla hujatia kitu mdomoni, nenda kwa Dada Maeng umwambie, "Dada, pombe niliimwaga mimi." Si "pombe ilimwagika", pombe haina miguu. Usianze na nguruwe, maana atacheka na hutafika mwisho. Kisha nendeni wote wawili kwa profesa ukarudie maneno hayo hayo, mbele ya wale wale waliomwona akiinama. Atakugombeza. Mwache agombeze, ni haki yake, na kwako ni nafuu kuliko hiki ulichokibeba. Vijiti vya meno ukitaka zikwa navyo, havimdhuru mtu. Na siku nyingine pombe ya tambiko imimine kwenye bakuli, bakuli liweke nje ya mlango. Mizimu inajua kutembea.

Dada Maeng bado ana siku nzima na ziada. Hatakosa joho lake kwa sababu yako.

Mzee Gil naye anauliza kama huko ghorofa ya tano kuna mtu anayejua kusoma. Tangu Jumanne saa mbili asubuhi amebandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha mashine: imezimwa ili sakafu ikauke, itawashwa Alhamisi saa tatu asubuhi.